Rangi Ukiwa Mbichi

Chupa ilikuwa ya jemu. Kifuniko chekundu,
nta ya mshumaa imezungushwa shingoni,
na ndani, karatasi iliyofungwa kwa uzi wa kushonea.
Mstari wa kwanza ni wa penseli, nao umesalimika:
Rondo, ng'ambo ya kijito, tarehe tisa Machi.
Iliyobaki iliandikwa kwa wino,
na wino umekunywa ukalewa,
umelala pembeni, bluu, hausomeki.

Aliyeandika, Bwana Nang'anda, alifariki Juni.
Mimi nilirithi meza, hadubini yenye jicho moja bovu,
na uyoga huu.

Naanza na ninachokiona.
Kofia: upana milimita thelathini na nane,
katikati imebonyea, kana kwamba mtoto
ameijaribu kwa kidole gumba kama imeiva.
Ukingo umepasuka mara tatu. Sijui ndivyo ulivyoota
au ni pikipiki, na ile barabara ya kushuka hadi Lindi.
Matamvua: membamba, yamesongamana;
niliyahesabu hadi mia na nne, umeme ukakatika,
nilipowasha tochi ya simu
nikawa nimesahau nilianzia wapi.
Shina: halikukaa katikati. Limeegemea upande
kama mtu anayesikiliza ukutani.
Pete: hakuna. Au ilikuwepo. Pana alama nyeupe,
kama kwenye kidole cha aliyeachika.

Rangi: maji ya muhogo uliolowekwa siku tatu.
Naandika, kisha nakata.
Fomu haiulizi rangi ya maiti.
Fomu inauliza: rangi ukiwa mbichi.

Naruka. Harufu.
Nimebandua nta, nimeinusa chupa,
nikacheka peke yangu ofisini.
Mwezi ule spiriti ilikuwa imekwisha, nakumbuka,
tuliandika barua mbili makao makuu.
Mzee alitumia nipa!
Uyoga mzima unanuka mabibo,
unanuka Oktoba, uwanja wa nyuma wa kina Mkumbaru,
pipa, moshi, na watu wanaosema uongo kwa sauti kubwa.
Siwezi kuandika hivyo.
Harufu: haijulikani.

Jumanne nikampigia Mfaume, aliyembebea kapu.
Ilibidi apande hadi penye mtandao ndipo anijibu.
Jina lake, nikauliza, huko kwenu mnauitaje?
"Mama anasema hauna jina.
Hauliwi, wala hauui.
Nani atahangaika kuupa jina?"
Na rangi?
"Manjano."
Manjano ya nini, Mfaume? Ya bibo? Ya kiini cha yai?
Akanyamaza. Nikasikia upepo, kuku,
mtu anatwanga mbali.
"Manjano ya macho ya mzee," akasema.
"Mwezi ule. Aliuweka kiganjani, akauinua
usawa wa uso wake, akaniuliza mimi:
tumefanana?
Nikasema hapana."

Machi. Mwezi wa Machi
alikuwa anakaa pale, mkabala na mimi,
miwani imeshuka puani, anachonga penseli.
Tulimwambia apunguze vumbi la msituni.
Tulimwambia anunue dawa ya matone.
Mimi, ninayelipwa kutazama,
niliyehesabu matamvua mia na nne gizani.

Rangi ukiwa mbichi: manjano.
Fomu ina nafasi ya maneno manne zaidi.
Nimeyatafuta mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha,
nikaongeza moja tu: hafifu,
halafu nikalifuta, maana Mfaume hakusema hafifu.

Spora: duara, laini.
Jina: bado.
Mkusanyaji: hapo nimeandika yote matatu,
lake, la baba yake, la babu yake, kwa penseli.

Spiriti ya serikali imefika wiki jana, lita tano,
dumu jeupe, lipo chini ya meza.
Chupa nyingine zote nimezibadilishia.
Hii nimeiongezea nta tu.